Ford ya Mbao

Siku Venance alipokwenda Mbezi Luis hakuwa na habari yoyote ya gari. Alikuwa amekodi kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, kupeleka kinyago kwa mteja: nguzo ya mpingo yenye watu waliobebana kuanzia chini hadi juu, kazi iliyomla mwaka mzima na ushee. Malipo yake yalikwisha kupangiwa matumizi. Nyumba yao ya Chanika ilikuwa bado haijapigwa plasta, na mkewe, Editha, alishamwambia fundi akae mkao wa kuitwa.

Mteja alikuwa anasafisha kiwanja ili ajenge. Huko nyuma, chini ya banda lililoinama, vijana wa chuma chakavu walikuwa wanafunga mpira kwenye mtungi wa gesi wakate gari kuukuu lililojaa kinyesi cha kuku. Venance alilisogelea kwa udadisi tu. Pua ya gari ilikuwa ya chuma, ndefu, ya kizamani. Lakini kuanzia milango kwenda nyuma, bodi nzima ilikuwa ya mbao. Mbao kwelikweli, si rangi iliyochorwa ifanane na mbao.

"Ford hiyo," mteja alimwambia. "Ya mwaka arobaini na nane, imetoka Marekani. Marehemu baba aliikuta kwa Mgiriki mmoja wa mkonge. Mchwa wameimaliza."

Venance alipiga magoti. Mchwa walikuwa wamekula kweli, lakini kwenye kona moja ya mlango walikuwa wamebakiza kiungo. Alikipangusa kwa kidole. Vipande viwili vya mbao vilikuwa vimeingiliana kama vidole vya mikono miwili, na kwa miaka yote hiyo, mvua na jua la Tanzania, hata ukucha haukupata pa kupenya. Kuna mtu, alijiambia, alikaa mahali huko Marekani na patasi yake akafanya kazi hii, wala hakutegemea kuwa kuna atakayekuja kuitazama.

Akasimama. "Waambie hao wasikate. Chukua kinyago, usinilipe kitu. Nipe gari."

Gari lilifika Chanika likiwa limebebwa mzegamzega juu ya lori. Editha alitoka jikoni na mwiko mkononi, akalitazama, akamtazama mumewe, akarudi ndani. Maneno yalikuja jioni, wakati wa kula.

"Baba Clara, plasta yangu iko wapi?"

"Itakuja."

"Nimeuliza iko wapi. Sijauliza kama itakuja."

Venance alinawa, akatoka kwenda kulitazama gari. Kuanzia hapo Editha akalipa gari jina la mke mwenza. Mumewe akichelewa kuja mezani, humuuliza, "Mke mwenzangu ameshakula?"

Upande wa injini Venance alimtegemea Fakihi, fundi wa Temeke waliyejuana naye toka ujana, wote wakiwa wageni kutoka Newala. Fakihi aliifungua ile injini ya silinda nane akaguna. Akashauri itupwe, ifungwe ya Toyota, maana vipuri viko kila kona. Na hizo mbao nazo?

"Kata bati, chomelea, piga rangi, maisha yaendelee," alisema. "Mbao ni za kitanda, braza."

"Injini ni hiihii," alisema Venance. "Na mbao ni mbao."

"Ukinisumbua kwa vipuri sitakuja."

"Utakuja."

Na Fakihi alikuja. Injini ikabebwa kwenda Temeke, na Venance akabaki na mifupa. Mpingo hakuufikiria hata kidogo. Uzito wake ungeliangamiza gari. Alichagua mninga, mti usiopinda ovyo ukishakauka, akaufuata kwa wauzaji, akikataa kila ubao wenye fundo. Aliweka gari juu ya matofali uani, akalifunika turubai, akaanza kupima. Asubuhi alichonga vinyago vya kulisha nyumba, mchana akarudi kwenye Ford. Vile viungo vya vidole vilimtoa jasho. Vya kwanza vilivunjika. Vya pili vilicheza. Alivitupa kwenye kuni, akakata vingine, mpaka mikono yake iliyozoea sura za watu ikazoea pembe na mistari. Masika yakaja, yakapita, na fremu ikasimama, nyekundu na safi, kiasi kwamba majirani walikuwa wanapitia uani kwa visingizio ili waione.

Kisha Fakihi akarudi na injini. Ilikohoa, ikatema moshi, ikanguruma, na wanaume wawili wazima wakakumbatiana. Wakalishusha gari kwenye matofali, wakalisukuma hadi barabarani pakavu. Venance akafungua mlango wa dereva, ukagoma kufunga. Akajaribu wa nyuma yake, ukagoma vilevile. Akazunguka upande wa pili: huko milango ilikuwa imeachia mwanya wa kupitisha kiganja.

Alirudi uani peke yake, akatazama pale gari lilipokuwa. Tofali za kona moja zilikuwa zimezama mchangani. Mvua ilikuwa imeilainisha ardhi ya chini, chesisi, uti wa chuma unaobeba gari, ikajikunja kidogokidogo, naye akaipima na kuijengea ikiwa imejikunja. Iliposhushwa kwenye magurudumu ikanyooka, mbao zikabaki kombo.

"Hiyo ishu ndogo," Fakihi alimfariji. "Pitisha randa kwenye milango, mchezo umekwisha."

"Milango haina kosa. Fremu nzima imejengwa kombo. Barabara ya mashimo mwezi mmoja tu, viungo vyote vinapasuka."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo naanza upya."

Fakihi alicheka, akidhani ni utani. Alipoona mwenzake ameshika nyundo ya mbao na kuanza kugonga kiungo cha kwanza kitoke, aliacha kucheka.

Kwa siku kadhaa Venance alishinda uani na nyundo ile ya mbao. Alikuwa anavunja kazi yake kwa upole uleule alioijengea, akivipanga vipande ukutani, na usiku alilala macho yakiwa darini. Hasira hakuwa nayo. Alikuwa na kitu kizito kifuani kilichomwambia kuwa pengine watu wanaomcheka wana haki. Asubuhi moja, alipokuwa anamwaga zege ili gari likae mahali pasipozama, Editha alitoka amejifunga kanga kiunoni.

"Ukiacha sasa hivi," alisema, "plasta yangu itakuwa imekwenda bure. Mie nishike wapi?"

Venance alimkabidhi ncha moja ya mpira mwembamba uliojaa maji, ule wa mafundi wa nyumba wa kupimia usawa. Akamwonyesha mstari.

"Maji yakitulia hapo, niambie."

"Bado... bado yanacheza... Ngoja. Hapo."

Wakaizunguka chesisi kona baada ya kona, naye Venance akiinua jeki kidogo, akishusha kidogo. Kwenye kona ya mwisho Editha alikataa kukubali. Alisema maji yamepita mstari kwa unene wa uzi. Venance alidhani ni macho ya mkewe. Akaja kutazama mwenyewe, akaona kweli, akarudi kwenye jeki.

Fremu ikajengwa upya, na safari hii milango ilifunga kwa mlio mmoja mfupi, mzito. Editha aliufungua na kuufunga wa kwake mara kadhaa bila sababu.

Jumapili moja, baada ya misa ya kwanza, walielekea Kinondoni, ambako wenye magari ya zamani walikuwa wamekubaliana kukutana uwanjani. Usukani wa Ford uko kushoto, Kimarekani, kwa hiyo nyuma ya lori dereva haoni mbele. Editha, aliyekaa kulia, ndiye aliyekuwa macho. "Subiri. Subiri, linakuja basi. Sasa, pita!" Na Venance akapita, akiwa hana namna ila kumwamini.

Uwanjani, mwenyeji wao alikuwa mtu mmoja aitwaye Benson, mwenye gari la michezo la Kimarekani linalong'aa kama kioo. Alimsalimia Venance shikamoo kwa heshima, akaizunguka Ford.

"Mzee, mbao hizi si zake. Mstari huu ni wa magari yenye kila kitu cha kiwandani. Nakuomba usogee kule mwisho."

"Zake zililiwa na mchwa," alisema Venance. "Waliozitengeneza wangekuwa hai, wangeniambia niweke mbao tena. Nitakaa mwisho, hamna neno. Ila njoo uangalie kwanza."

Benson alikuja. Alipitisha kidole kwenye viungo, akainama. Watu wakaanza kusogea. Kwenye mlango wa nyuma kidole chake kilisimama.

"Hapa pameachia kidogo."

"Nimepasikia toka Pugu, panagonga."

"Kazi ni nzuri mno, mzee. Ukitaka kuliuza, usipite kwa mwingine."

"Siuzi," alisema Venance. "Sijamaliza."

Walikaa kule mwisho hadi jioni. Editha aliwaeleza wanaouliza, akitaja mninga na chesisi kana kwamba ndiye aliyeanzisha wazimu wote ule. Jumatatu asubuhi, kabla jua halijakolea, mlango wa nyuma ulikuwa umelazwa juu ya meza, kiungo kimefunguliwa, na Venance ananoa patasi.