Kichujio cha Baba

Na mimi nikifa mtanizika wapi?... ndivyo alivyouliza shangazi Yuditha Krismasi iliyopita, hapa hapa sebuleni, sahani ya ndizi na nyama mapajani, na ukoo mzima ukainamia sahani zake, baba akasema jamani chumvi imekosekana, chumvi ikazungushwa mkono kwa mkono mpaka swali likapoa, halikufa lakini, lipo humu kwenye barua pepe za baba, shangazi ameliandika tena na tena, limebanwa kati ya mjane wa jenerali fulani na muuza dawa za nguvu za kiume, “Umefika wapi, mama?” baba anauliza nyuma ya kiti cha binti yake, buti bado zina tope la zizini, nachuja, baba, anajibu Aikaeli bila kugeuka, na kweli anachuja, mjane wa jenerali kapuni, washindi wa bahati nasibu ambayo hakuna aliyeicheza kapuni, kazi yenyewe si ngumu, unaipa mashine neno moja inasimama nalo mlangoni kama mbwa, barua yenye neno hilo haipiti, na baba anahitaji kichujio, hilo Aikaeli habishi, wageni wanaopanda huku kuona kahawa wanamwandikia humu humu, juzi barua ya Wadachi wanne ilizama kwenye matakataka mpaka wakaenda kwa jirani, sawa, “Halafu ongeza na neno kihamba,” anasema baba, kama mtu anayeagiza majani ya chai.

Kihamba... vidole vinasimama, kihamba kipi tena kama si hiki, shamba hili la ukoo, migomba, kahawa, zizi, makaburi ya babu na bibi nyuma ya jiko, mjane wa jenerali atakijulia wapi kihamba, “Baba, za shangazi si taka,” “Nani kamtaja shangazi yako? Nimesema neno,” na hapo Aikaeli anakaribia kucheka, maana chuoni kwenye mdahalo angempigia makofi, hajamtaja dada yake, hajamfukuza mtu, ni neno tu, dada aliyeachika akarudi, akaambiwa kihamba ni cha wanaume, akaenda kupanga chumba mtaa wa Soweto, huko mjini, sasa hata kuandika asiandike, “Huo mtandao wako unakamata saa hizi?” unakamata, baba, na lile jani je, wiki hii shangazi ametuma picha ya jani la sale, limefungwa fundo, inaonekana ndogo pale chini ya barua yake ya kihamba, haijafunguliwa, na ni baba huyu huyu aliyemfundisha akiwa mdogo, pale kwenye mpaka wa shamba, kwamba ukiletewa sale hukatai, hata aliyekuchomea nyumba akija nalo unamkaribisha, mnakaa, mnazungumza... aa, kumbe, kumbe ndiyo maana, jani usiloliona hujalikataa, mbwa wa mlangoni amekula, wewe mikono yako safi, Jumapili unakwenda zako ibadani, ee baba, umefikiria hilo peke yako huko kwenye ng'ombe?

Hoja zinajipanga zenyewe, sheria ya ardhi, haki ya mtoto wa kike, swali la kwanza, swali la nyongeza, atamkalisha chini kabla chai haijachemka, anaandika kihamba ili tu amwonyeshe, na mashine kabla ya kufunga mlango inamtolea orodha ya itakaowafungia nje, Yuditha, Yuditha, Yuditha... Aikaeli. Anasoma tena. Aikaeli, ni barua yake, ya mwaka wa kwanza chuoni, alipolala hosteli na malaria, shikamoo baba, nimekikumbuka sana kihamba chetu, mgomba wa nyuma ya jiko umeshazaa?... chetu, aliandika chetu, na hakuna aliyemsahihisha, mdogo wake Efraimu ndiye atakayebaki hapa, hilo hata ng'ombe wanalijua, na yeye alikuwa anajiandaa kumtetea shangazi, kama wakili aliyeletwa na gari kutoka mbali, kumbe wamekaa benchi moja, mashine haijali nani ana shahada, “Bonyeza basi, mama, maziwa yananisubiri,” na hoja zote zimekwenda wapi, sheria ya ardhi, swali la nyongeza, hata moja haiji, kilichobaki ni kwamba huyu mzee nyuma yake anapumua kwa nguvu kuliko mtu anayesubiri maziwa, anaogopa, anaogopa picha ya jani, ndogo kama ukucha, kwa hiyo hajalisahau fundisho lake, kwa hiyo angeliona jani angetii... mshale bado uko juu ya kitufe, kidole bado kiko juu ya mshale, birika jikoni limeanza kuimba.

“Baba,” anasema, bila ile sauti ya jukwaani, “naomba uvute kiti ukae hapa, tuifungue hii picha pamoja.”