Kona ya Lifti Mbili

"Kwani ulimwambia mzee apinde wapi?" Wayne, msimamizi wa zamu, anamuuliza Honorata, na Chepkirui, aliyeitwa asubuhi hii kwa sababu ndiye aliyechora njia za hospitali hii, vibao, rangi, mistari ya sakafuni, anatazama viatu vyake, na Honorata wa mapokezi anajibu kwa Kiswahili chake cha Bukavu, "Nilimuambia afwate laini ya kijani, chef, mpaka ku ascenseur," na hiyo ni sahihi kabisa, kijani mpaka kwenye lifti, ila kijani kinafika hapa kwenye kona waliposimama kinakata roho, mbele ukuta wa kioo, kushoto lifti ya mnara mmoja, kulia lifti ya mnara mwingine, mapacha waliovishwa sare, maana kwenye picha waliyopelekewa wakubwa ulinganifu ulipendeza, bwana mmoja mwenye miwani myekundu akauita mazungumzo ya nuru na nafasi, na yeye Chepkirui, na shahada zake mbili, akaitikia kwa kichwa kama mjinga... nuru gani, mtu anamtafuta mkewe, anataka kujua kushoto au kulia, basi, na mzee Venuste akapanda ya kushoto, akazunguka dakika arobaini kwenye mnara usio wake, mtu mzima wa Burundi na kofia mkononi, anaona haya kuuliza mara ya tatu, na alipofika wodini kitanda cha mkewe, sasa marehemu, kilikuwa kimeshatandikwa shuka safi... "Mzee anasema ulimwonyesha kushoto." "Sikumuonyesha gauche, chef. Hata mukono sikuinua." "Honorata, mimi nimetumwa tu. Mabosi wanataka jina kwa hii ripoti kabla ya saa sita," jina, naam, moja linatosha, na la Honorata ni jepesi kuandika, miaka sita mapokezini, likiandikwa leo anavua kitambulisho leo, wakati Chepkirui anarudi ofisini kwake Alexandria, ile ya hapa Marekani, kuchora uwanja wa ndege wa watu wengine... lakini yalifanyika majaribio, si yalifanyika, kanuni ni watu kumi na wawili wasiolijua jengo, kila mmoja anapewa kadi yenye jina la wodi, unamfuata nyuma kimya na saa yako, unahesabu anaposimama, anapogeuza shingo, na yeye siku zilimwishia, akawachukua akina mama wa kanisani kwake Bladensburg baada ya ibada, wakaja na chapati zao ndani ya foili, na alijua, usijifanye, alijua kumi na mmoja wao huja hapa kila wiki kuwasindikiza wazee wanaowatunza, wakapita kona hii wakiongea habari za harusi ya Cheryl, hakuna aliyeinua jicho, dakika nne, dakika nne, dakika tatu na nusu, matokeo mazuri mpaka aibu, akabaki Serah tu, aliyekuwa ameingia Marekani wiki mbili tu kabla, akasimama hapa, akatazama kioo, akajiona mwenyewe, kushoto, kulia, kushoto tena, "Wee Chepkirui, sasa hapa mtu anaangalia wapi?" na wenzake wakamcheka, ati huyu bado anatafuta Eldoret, naye Chepkirui akacheka nao, ndiyo, alicheka, kisha kwenye gari... "Kwa hivyo niandike alielekezwa vibaya?" Wayne anasema, kidole juu ya kioo cha simu, hana ubaya, anataka kumaliza, na Honorata anapanga kalamu zake mfukoni kama anayeaga, mwanamke mmoja anafika kwenye kona na maua, anasimama, anageuza shingo, mara moja, mara mbili, Chepkirui anahesabu bila kutaka, mara tatu, na hakuna namna ya kuacha kuhesabu, itakuwa hivi kila kona atakayochora, kila... "Usiandike, Wayne," na sauti inatoka ndogo kuliko alivyotarajia, "Honorata hakukosea. Kona ndiyo mbaya, na nilijua. Serah alipotea hapahapa siku ya majaribio, dakika kumi na tisa, nikaichana karatasi yake na kuandika nyingine."