Kompyuta ya Mlangoni

Duka la Mama ni chumba kimoja, kompyuta tatu. Ya mlangoni ndiyo imebeba printa, kwa hiyo ikizimwa hakuna anayechapa. Na wateja wetu wana adabu mno. Shuleni walifundishwa ukimaliza, zima. Basi wanazima.

"Si uwaambie?" Mama ananiuliza kila siku. "Mdomo umemkopesha nani?"

Nawaambia. Hawanisikii.

Juzi Mama akachoka kabisa, akamwita binamu yangu, yule aliyetuwekea Linux badala ya Windows. Akaiseti ile ya mlangoni, mteja asiweze kuizima wala kuilaza. Ukijaribu, inadai neno la siri la Mama.

"Hata kulala hairuhusiwi?" Mama akasema. "Kama mimi tu."

Leo katoka kupeleka kazi kwa mteja, nikabaki peke yangu na usingizi wangu. Akaja baba mmoja aliyefiwa na mama yake. Wanazika mchana huu, anataka karatasi zenye picha ya marehemu na nyimbo za kuimba. Printa ikaanza kuzitoa, mojamoja, inakoroma.

Kwenye kompyuta ya mlangoni alikuwepo bibi mmoja, nesi mstaafu, anaandika barua. Akamaliza.

"Binti, inaniuliza neno la siri. Mimi siri sina, nataka kuzima tu."

"Usizime, Bibi."

"Eeh?"

Kabla sijarudia, akainama, pole pole na mgongo wake, akachomoa waya ukutani. Printa ikanyamaza, karatasi nusu ndani, uso wa marehemu umeishia puani.

Yule baba hakufoka. Alikaa tu. "Nikienda mikono mitupu dada zangu watanimeza," akasema.

Nikarudisha waya, nikawasha. Ikaanza kujikagua, mistari inapanda, haina haraka na mtu. Nikaivuta ile karatasi iliyokwama. Bibi akaelewa, akashika kichwa.

"Jamani! Nimekuzimia mama yako!"

"Alishazimika, Bibi," baba akasema, na wote wawili wakacheka, kicheko cha watu ambao hawajalala.

Printa ilipoanza tena, Bibi alisimama mbele ya soketi, mkoba kifuani. Kijana akaja kuomba kuchaji simu. "Toka! Hapa kuna msiba."

Karatasi ya mwisho ikatoka. Baba akazikumbatia zikiwa bado moto, akaondoka mbio, akapishana na Mama mlangoni.

"Haya," Bibi akaniuliza, "sasa nizime?"

Mama akavuta kiti, akakaa na mkoba wake begani. "Usizime, mama. Njoo ukae tu."