Babu Yuko Chumba cha Pili, Kushoto

1. Kibao barabarani

KARIBU TOLVER, CALIFORNIA
WAKAZI 2,140
DHAHABU JANA, MTO LEO!

2.

Naitwa Nyevu wa Chengo, Mgiriama wa Bamba, mwaka wa sita huu nalea wazee wa watu huku Marekani. Nimekuja Tolver na wenzangu wa kazini kupanda boti za mpira mtoni. Basi la mtoni saa nne na nusu. Tukaambiwa, mkingoja, makumbusho yamefunguliwa kwa ajili yenu tu, ingieni. Nikaingia. Haki ningejua, ningekaa nje nile aiskrimu yangu.

3. Vilivyomo, chumba cha pili, kushoto

Karai za kuchujia dhahabu, kumi na moja.
Tandiko la farasi.
Meno ya bandia ya meya wa kwanza.
Babu.

4. Maelezo kwenye kioo

NGUZO YA UA, AFRIKA. Zawadi ya mkazi wa Tolver, 1987. TAFADHALI USIGUSE.

5.

Wewe usiyejua, sikiza. Kwetu mzee wa chama cha Gohu akishafariki, husimikiwa kigango: mti uliochongwa kichwa na mabega. Si pambo. Ni yeye mwenyewe, na hahamishwi. Cha babu kililiwa na mchwa begani, baba akakipiga kiraka cha bati la kopo la mafuta ya kupikia. Misumari mitatu, wa kati umepinda, ndivyo baba alivyonisimulia tangu utotoni. Mwaka wa themanini na tano, kabla sijazaliwa, watu waliamka wakakuta shimo.

Nikahesabu misumari.

Mitatu.

Nguzo ya ua! Ebo!

6. Bi Doreen, mlinzi wa kujitolea

"Oo, pole mpenzi wangu. Mimi nakuamini kabisa. Kamati hukutana kila miezi mitatu. Jaza hii."

7. Fomu

Mwombaji aambatishe ushahidi wa umiliki: (a) risiti, (b) hati ya kisheria, (c) picha ya kifaa kikiwa mikononi mwa mwombaji. Maombi yasiyo na ushahidi hayatajadiliwa.

8. Simu ya video, Bamba, baada ya chakula cha jioni

— Baba, nimemwona babu.

— Amelala au amesimama?

— Amesimama. Ndani ya kioo.

— Mlete.

— Wanataka risiti.

— Risiti ya baba yangu mzazi?

— Baba, mimi…

— Nyevu, nina miaka themanini na mmoja. Miguu imejaa maji, daktari hanifichi. Mimi nikifa nisimikwe kando ya shimo? Mlete, mwanangu.

9. Ninayoweza kufanya

Kuvunja kioo. (Polisi yuko ng'ambo ya barabara, anakula andazi. Viza yangu inaisha Machi.)
Kulia. (Nimelia. Bi Doreen kaniletea tishu.)
Kujaza fomu. (Nimejaza. Penye ushahidi nimeandika: misumari mitatu.)
Ku…

10. Bi Doreen tena

"Lakini maelezo tutabadilisha leo leo! Niandikie kinavyoitwa. Na picha moja ya jarida la mji, wewe na yeye. Tabasamu!"

Mama wa watu hana ubaya, hata chembe. Ndiyo balaa yenyewe. Nigombane na nani?

11.

Baba, bado yuko simuni, akasema, "Basi niweke mbele yake."

Nikageuza simu, nikaisogeza kwenye kioo. Baba akavua kofia, akafumba macho.

"Baba, ni mimi, Chengo. Tulikukosa. Mama alikufuata mwaka wa tisini na moja, hakuugua sana. Mwanao Kahindi alizama bwawani. Mjukuu wako Kadzo alizaa pacha, mmoja tunaye. Ile minazi ya juu tuliiuza, usikasirike…"

Miaka arobaini alikuwa amemwekea habari zake. Na mimi zile za Kahindi sikuwahi kuzisikia kinywani mwake.

12. Tangazo

ABIRIA WOTE WA BOTI, BASI LINAONDOKA.

13.

"Tunafunga, mpenzi."

Taa ya chumba cha kwanza imezimwa. Bi Doreen ameshika mlango, ananingoja kwa upole. Baba bado amefumba macho, ndiyo kwanza amefika mwaka wa tisini na nane.

"…tulikutafuta mpaka Malindi, Baba, tukauliza kila…"

Mkono wa Bi Doreen uko kwenye swichi.

Mkatize wewe.

Mimi siwezi.