Asiye na Sababu Ashike Bendera

Kila Aprili, katika shule ya msingi anakosoma mwanangu Iori mjini Kofu, mama asiyeweza kuongoza zamu ya kivukoni, ya kuwavusha watoto barabara, lazima asimame mbele ya wenzake aeleze kwa nini. Waliobaki hucheza mchezo wa mikono wa jiwe, mkasi, karatasi, na anayeshindwa hushika bendera ya njano kila asubuhi mwaka mzima. Wanauita usawa. Mimi ni Msrilanka, nimeishi Japani miaka mingi, na bado nauona ni ukatili uliopigwa pasi.

Mwaka huu, kwenye kikao hicho, nilikaa karibu na Mama Kanade. Alikuwa ameanza matibabu ya saratani ya titi, na binti yake hakujua. Alitaka kumwambia wakati wa likizo, wakiwa wawili tu, kwa maneno yake mwenyewe. Darasa lilijaa kina mama. Angesema pale, Kanade angeyasikia kwa wenzake kabla ya chakula cha jioni.

Mwenyekiti wa wazazi, Mama Ritsu, alianza na mimi.

"Mama Iori, wewe pumzika tu. Kusoma Kijapani si mchezo."

"Naandika ripoti za maji ya mji huu kwa Kijapani, Mama Ritsu. Unayanywa."

Walicheka wameziba midomo.

Mama mmoja akasimama akasema mkwe wake amepooza. Mwingine mimba yake ilikuwa imeharibika majuzi. Alilisema hilo ameinama, akaomba radhi kwa usumbufu. Mwalimu Kusumoto alikuwa dirishani, anatazama uwanja.

"Mama Kanade?"

Nikasimama mimi. "Kazi naichukua. Tumemaliza."

"Tunashukuru sana," alisema Mama Ritsu, sauti tamu. "Lakini asiyecheza lazima atoe sababu. Wenzake wametoa."

"Nafasi ni moja na imepata mtu. Sababu ya nini tena?"

"Ili mwakani asionekane amekwepa."

"Labda ana mimba!" alichombeza mtu wa nyuma. "Hongera jamani!"

"Mwalimu," nilisema, "hili ni darasa lako."

"Mambo ya wazazi huamuliwa na wazazi," alijibu Kusumoto, bila kugeuka.

Mama Kanade akainuka taratibu. "Sina sababu yoyote. Nitashika mimi."

Wakapiga makofi. Mlangoni Mama Ritsu aliniambia kwa upole, "Umeona? Hapakuwa na haja ya kugombana."

Nchi hii mtoto wa miaka sita huenda shule peke yake na hurudi salama. Hilo ni kweli, na nimelisifu mara nyingi. Sasa najua pia usalama huo unasimamiwa na nani. Siku za baada ya dripu Mama Kanade hutapika kwenye mfuko nyuma ya mashine ya vinywaji, hujifuta, hurudi kivukoni. Mimi husimama ng'ambo na bendera ya pili ambayo hakuna aliyenipa.

Juzi Kanade alipita na kundi lake. "Mama yangu ndiye mkuu wa kivuko!" alijigamba. Kisha akasimama. "Mama, mbona kofia mpaka masikioni?"

"Jua, mwanangu. Haya, vuka."

Kanade alitazama mawingu. Kisha akanitazama mimi, muda mrefu, mpaka wenzake wakamsukuma. Niliinua bendera yangu, gari likasimama, naye akavuka bila kuuliza tena.