Helikopta ya Kulinda Mawele

Helikopta iliangukia hema la mkutano wa injili saa nne asubuhi, na kabla vumbi halijatulia Mzee Kivuva alikuwa amemkaba Kiema kola.

"Mawimbi ya spika zako ndiyo yameninyang'anya usukani!"

Kiema, fundi wa vyombo vya sauti vya kanisa, alicheka hivyo hivyo akiwa amekabwa. "Mzee, spika huimba, hainyang'anyi. Hiyo toi mpelekee mjukuu."

Toi! Neno hilo lilimchoma Kivuva kuliko kaa la moto. Kila msimu, mawele yakikomaa huku kijijini Nuu, ndege waitwao kwelea hushuka kama wingu na kuacha mabua matupu. Wengine hupiga mikebe kutwa. Yeye alisimama kwenye tuta na rimoti, akawafukuza kwa helikopta yenye urefu wa mkono. Misimu miwili hakupoteza suke. Sasa ilibaki wiki moja avune, na wazee wa kanisa wakatoa neno papo hapo: ikianguka tena, itafungiwa stoo.

"Wanafunga yangu, spika wanaziacha!" alifoka nyumbani, akibwaga kofia mezani. "Watu wasiojua hata mawimbi ya redio ni nini!"

Mkewe, Kasiva, aliendelea kuchagua pojo. "Baba Mutanu, umeikagua?"

"Niikague nini? Nilikuwa nafungua redio kabla Kiema hajaota meno!"

"Basi fungua na hiyo."

Aliifungua kwa hasira. Bahati nzuri, hema lilikuwa limeipokea kama godoro. Betri zote mbili, ya helikopta na ya rimoti, zilikuwa zimejaa. Hakuna waya uliokatika. Vimota vya usukani vilitii kila alipogusa rimoti. "Unaona? Nzima! Ni Kiema tu!"

"Mezani ni nzima," Kasiva alisema. "Kwani ilianguka mezani?"

Kivuva alichomoa waya wa mota kubwa ili mapanga yasizunguke, akampa mkewe aishike, akabonyeza kitufe cha majaribio kinachopunguza nguvu ya rimoti, ili hatua chache ziwe kama umbali wa shamba zima. Akatembea kinyumenyume akihesabu hatua. Mkutano ulikuwa umesimama kwa chakula. Spika zote kimya.

Alipofika hatua ya kumi na mbili, Kasiva alipaza sauti. "Usukani umekufa!" Akaigeuza kidogo. "Umefufuka!" Akaigeuza tena. "Umekufa!"

Kivuva alisimama. Spika zimezimwa, na bado usukani umekufa. Alirudi polepole, macho yakiwa kwenye pua ya helikopta iliyokuwa ikiakisi jua usoni mwake. Wakulima wenzake hutundika karatasi za kung'aa shambani kutisha ndege. Yeye, kwa ujuzi wake, alikuwa ameizungushia helikopta foili ya kuchomea nyama, tabaka tatu, jana jioni. Na chini ya foili ndimo ilimokuwa antena ya kupokea mawimbi.

"Jana nilisema umeivisha kama bibi harusi," Kasiva alisema.

"Nyamaza, mama!"

Aliirarua foili vipande vipande, akaikanyaga. Wakajaribu tena. Hatua ishirini, thelathini, arobaini. Usukani haukuyumba. Akaurudisha waya wa mota kubwa.

Spika ziliponguruma tena alasiri, kwelea wa kwanza walikuwa wameshatua kwenye mawele. Angeweza kurusha kutoka kwenye tuta lake na kunyamaza. Badala yake alikwenda na helikopta yake moja kwa moja penye hema, uso umekunjamana, hadi kwa Kiema na wazee.

"Umekuja tena kuzima spika zangu?" Kiema aliuliza, akishika kola yake mapema.

"Ongeza sauti."

"Nini?"

"Ongeza mpaka mwisho! Wewe ni kiziwi?"

Kiema akaongeza hadi mabati ya kanisa yakatetemeka. Wazee walikuwa wanatazama, na stoo ilikuwa wazi. Kivuva akarusha. Helikopta ikapanda, ikaenda mpaka juu ya mawele, ikapiga kona mbili, kwelea wakatimka, kisha ikarudi na kutua miguuni mwa Kiema.

"Spika hazina kosa," Kivuva alisema, kwa sauti ya mtu anayetukana. "Mimi ndimi niliyeiziba masikio. Nisamehe kwa ile kola."

Kiema alifungua mdomo.

"Na si toi!"

"Si toi, mzee," Kiema akasema.

Kivuva aliinyakua helikopta yake, akakimbilia shambani. Ndege walikuwa wanarudi.