Mkono: Bado

Ta-ta-ta. Kabla hakujapambazuka Bibi aliisikia sauti hiyo sebuleni, akadhani ni cherehani ya marehemu mumewe, anawahi kumalizia nguo ya mtu. Akapapasa upande wa pili wa kitanda. Baridi. Ndipo akakumbuka: ni mjukuu wake, anagonga kompyuta.

Alimkuta macho mekundu, gauni la bluu lisilo na mikono limemlalia mapajani. Binti ndiye aliyeliandikia duka la shangazi yake programu ya kutunza vipimo. Jana shangazi alifuata programu, iliyosema mkono ni sifuri, akakata gauni la mikono wazi. Kumbe mteja hakuwa amepimwa mkono. Asubuhi hii anakuja kulichukua, na shangazi ameapa kuachana na programu, arudie futi ya kupimia na kichwa chake.

“Pengo lilipoachwa, programu ilijaza sifuri yenyewe,” binti alisema. “Labda kazi hii siiwezi.”

Bibi alimwekea chai, akaketi karibu.

“Mke mwenzangu,” alimtania, “mume wetu, babu yako, alipima kwa sauti. Unamkumbuka?”

Binti alikuwa mdogo mno, basi Bibi akamsimulia. Akija mama mwenye mtoto aliyelala mgongoni, fundi hakumsumbua amtue. Alipima anapofikia, akiimba: kiuno thelathini, mkono ishirini, kifua bado. Wala hakukisia. Kitambaa kilikaa kimekunjwa mpaka mama arudi.

Binti aliacha kunywa. “Kifua bado,” alirudia polepole. Kisha akacheka, machozi yakimtoka. “Nami nimeilazimisha programu ijibu hata pale isipojua.”

Akaanza kugonga tena. Kila kisanduku cha kipimo alikipa ruhusa ya kubaki kitupu, na kikiwa kitupu kiandike “bado”. Sifuri ibaki kwa asiyetaka mikono kweli. Palipo na bado, programu isiruhusu kukata.

Kulipopambazuka alimpigia shangazi. Vipande vilivyobaki vya kitambaa vilitosha mikono miwili. Mteja akifika atapimwa. Shangazi alinung’unika kidogo, akafungua programu kwenye simu yake. Kwenye mkono pameandikwa: bado.

“Hili neno ni la baba,” alisema mwishowe. “Basi programu ibaki. Lete hilo gauni.”

Bibi alilikunja gauni mwenyewe, taratibu, akamsindikiza mjukuu hadi mlangoni.

“Utakuja lini tena?”

“Sijui, Bibi, kazi—”

“Usinijazie sifuri,” Bibi alisema, akimrekebisha kola. “Sema bado. Halafu uje.”